Mjomba Aliporuhusiwa Kutajwa

Jana madam alinituma nikatupe mikate. Mikate mizima, laini, kosa lake ni kuwa ya juzi. Nikasimama na mfuko kwenye ngazi za jengo letu hapa Ruwais, Jeddah, miguu ikiwaka moto, nikajikuta niko Unguja, mtoto, kwenye foleni ya mkate.

Kama ulikulia kule enzi zile, huna haja ya kuelezwa. Maduka ya serikali yalikuwa na wauzaji lakini hayakuwa na vya kuuza. Nguo tulifulia majani ya mpapai. Chai tuliinywa bila sukari, na maneno tuliyameza vilevile. Bibi, mzaa mama, alikuwa na mtoto wa kiume aliyekimbilia Jeddah baada ya Mapinduzi, na jina lake halikutajwa kwetu kwa sauti, maana jioni mjumbe wa nyumba kumi alipenda kusimama karibu na dirisha letu.

Kisha serikali yenyewe ikachoka. Redio ikaanza kusema mengine: bidhaa za nje ziletwe, waliokimbia waje kutembea. Watu hawakuamini. Walizungumza kwanza kwa nyusi, ndipo kwa midomo.

Asubuhi moja Bibi alikuwa juu ya mbuzi akikuna nazi, tukasikia hodi.

"Nani?"

"Mimi, mama."

Bibi alifunga dirisha kwanza, ndipo akalia.

Chai haijapoa, mjumbe huyo mlangoni. Mjomba akasimama, rangi imemtoka.

"Nimesikia una mgeni," mjumbe akasema.

"Sina mgeni, nina mwanangu." Bibi akaenda akalifungua dirisha, mbao zote mbili. "Ingia ukae. Leo huna haja ya kusimama nje."

Akaingia. Akanywa chai yenye sukari, macho kwenye sanduku alilokuja nalo Mjomba. Mwisho akauliza polepole kama hakuna japo kipande cha sabuni. Bibi akampa mche mzima. Alipotoka, Mjomba alikasirika.

"Mama, huyu?"

"Na yeye mkewe anafulia majani," Bibi akajibu.

Mjomba alirudi Jeddah, akawa anakuja kila alipoweza, hadi Bibi alipofariki. Kwetu maduka yalijaa, kazi zikapungua, na mimi nikaja huku kwa wakala: kwanza Riyadh, kisha kafili, mdhamini wangu, akanihamishia Jeddah. Mjomba nilimkuta ameshazikwa. Wanawe nilikwenda kuwaamkia siku yangu ya mapumziko. Watu wema, lakini Kiswahili hawana, na nilipolitaja jina la Bibi waliniomba nirudie.

Foleni sizitamani, wala hofu ile. Ila siku hizi nyumbani watu husema lolote kwa sauti, na nikipiga simu huniuliza narudi na nini. Wa kuniuliza narudi lini tulimzika kitambo.