Dagaa wa Msaada

Ukitaka kugombana na wifi yangu Rozina Anyango, mwambie kitu hiki kinafaa tu kwa mtu fulani. Mwambie gauni hili ni la kuendea shambani tu, au samaki huyu ni wa kumpa mgeni asiyejua samaki. Atakuuliza huyo mgeni ana kasoro gani, na amekukosea nini. Utajuta kufungua mdomo.

Kaka yangu Nestory alimwoa huko Rorya, ufukweni upande wa Mara, akamleta kwetu Kigongo. Tulimpokea kwa utani na yeye akatujibu hivyo hivyo. Mpaka leo nikimcheka anaposema "sikamoo", ananikumbusha kwamba sisi Wasukuma ndio tuliokwenda shule tumebeba "karamu" badala ya kalamu. Na ni kweli.

Miaka mingi alikaanga sato pale kivukoni. Magari yalipanga foleni kusubiri kuvuka kwenda Busisi, abiria walishuka na njaa zao, na karai la Rozina halikupoa. Lilipofunguliwa daraja jipya la kuvukia ziwa, magari yakaanza kupita juu yetu bila hata kupiga honi. Wenzake walilia na wengine wakahamia Misungwi mjini kutafuta riziki. Rozina alilitukana daraja kwa siku kadhaa, kisha akakata miti, akaomba nyavu kuukuu kwa wavuvi, akatengeneza chanja na kuanza kuanika dagaa.

Kwa asiyeishi ziwani, dagaa huanikwa kwa namna mbili. Kuna wa chanjani, wanaotandazwa juu ya wavu uliofungwa kwenye miti, upepo ukapita juu na chini wakakauka wakiwa safi. Hao ndio chakula cha watu. Na kuna wa chini, wanaomwagwa mchangani, wakageuzwa kwa reki na kuzolewa pamoja na mchanga wao. Hao tunawaita dagaa wa kuku. Mtoto anayetumwa sokoni kwetu anajua tofauti hiyo kabla hajajua kusoma.

Basi kikundi chetu cha wanawake waanika dagaa kikapata oda kutoka shirika moja la misaada. Mashariki mwa Kongo vita vilikuwa vimefukuza watu majumbani, na familia nzima zilikuwa zimelala chini ya maturubai kambini. Shirika lilitaka dagaa wa chanjani, wakasagwe huko huko pamoja na mahindi na soya, upatikane uji wa watoto. Mwenyekiti wetu, mama Modesta, mwanamke mtu mzima mwenye sauti ya kwaya, alitutangazia habari hiyo akiwa amesimama. Tangu kivuko kife hatukuwa na mteja wa namna ile. Tulijua kabisa kwamba oda hii ikitupotea, wengi wetu tungerudi kuuza nyanya za mafungu mlangoni.

Kazi ya kukusanya na kusafirisha alipewa Mashimba, mfanyabiashara mwenye lori. Tukaanza. Halafu mvua ikaingia, ile ya kunyesha asubuhi na kurudi tena jioni, dagaa chanjani wakagoma kukauka na mzigo haukujaa. Rozina wakati huo alikuwa msibani kwao Rorya. Mashimba akazunguka mialo ya jirani, fukwe wanakoshushia samaki, akarudi na viroba vya dagaa wa chini, akawachanganya na wetu. Waliomuuliza aliwajibu kwa upole, kama mtu anayeeleza jambo lililo wazi, kwamba hawa ni wa msaada tu.

Neno hilo kwetu lina maana yake. Nguo ya msaada ni ile yenye kifungo kimoja. Unga wa msaada ni ule wenye wadudu. Ukisema kitu ni cha msaada, umeshasema kwamba atakayekipokea hatauliza. Mzigo ukaondoka, na kila kiroba tulikiandika kwa wino mweusi namba ya simu ya Modesta, kwa tamaa yetu kwamba Wakongo wakiwaonja dagaa wetu watatutafuta.

Wakatutafuta kweli. Rozina alikuwa amerudi kutoka msibani siku hiyo hiyo, tupo wote chini ya paa la bati tunapohifadhia mizigo, Modesta akatuita tusikilize ujumbe wa sauti ulioingia kwenye simu yake. Alikuwa mama mmoja mpishi wa uji kambini, akajitaja kwa jina la Mama Mapendo. Mtandao ulikuwa mbovu na katikati sauti ilikatika, lakini tulisikia vizuri mwanzo na mwisho:

"Bamama ba Mwanza, aksanti. Dagaa yenu ilifika. Sasa mutoshe, bamama, mutoshe..." Hapo ikakwama, ikarudi. "...kwanza. Batoto banalia."

Jamani tulivyoshangilia. Watoto wanalia, wanataka zaidi. Dagaa wetu hawajatosha, tufanye watoshe. Modesta akaanzisha wimbo palepale, soda zikanunuliwa, na Mashimba akapigiwa simu aongeze mzigo kadiri awezavyo. Alisema hilo halina shida, viroba anavyo.

Rozina peke yake hakuimba. Alikaa juu ya ndoo amekunja uso, akamwomba Modesta auweke tena ule ujumbe, na tena, mpaka tukaanza kuchoka naye. Nilimwambia wifi, acha kutuharibia furaha. Akaniuliza kama namkumbuka yule Mkongo mnunuzi wa samaki aliyekuwa akipita kivukoni.

Nilimkumbuka. Mara ya kwanza kula kwa Rozina alimwambia, "Mama, unitoshee miba." Rozina alidhani mtu anamsema kwamba samaki hamtoshi, akamwongezea wa pili huku akinung'unika. Yule bwana akarudia, unitoshee miba, na Rozina akamwongezea wa tatu. Mwishowe ikaeleweka kwamba kwao kutosha ni kutoa. Alikuwa anaomba atolewe miba tu. Tulicheka mwezi mzima.

"Huyu mama hasemi dagaa hawatoshi," Rozina akatuambia. "Anasema tutoe kitu. Tutoe kitu kwanza. Kitu gani?"

Waliomwona Mashimba akichanganya viroba wakatazama pembeni. Modesta akasema haya ni mambo ya Kikongo, tusijitafutie maneno. Lakini Rozina alikwisha kuchukua ile simu na kupiga. Iliita mpaka tukadhani haitapokewa. Ilipopokelewa, akaweka sauti ya juu tusikie wote, akauliza baada ya salamu kitu gani kitoshwe.

"Muchanga, mama," ile sauti ikajibu, safari hii bila kukatika. "Kuko muchanga mingi mu uji. Batoto banalia, banasema inabalumiza meno. Tulisema pengine njo vile munakulaka kwenu."

Alisema bila ukali wowote, na hicho ndicho kilichoniuma. Mama amekimbia bunduki na watoto mgongoni, anakorogea watoto wa wenzake uji wenye mchanga, halafu anatutafutia udhuru. Anadhani pengine huku Mwanza ndivyo tulavyo. Rozina alimwambia kwamba hatuli hivyo, hatujawahi kula hivyo, na mzigo wa pili hautakuwa hivyo. Akarudisha simu mezani taratibu. Nilivyomjua, nilitamani angepiga kelele.

Asubuhi iliyofuata lori la Mashimba lilikuwa limeshapakiwa viroba vya chanjani na vya chini pamoja, limeelekezwa barabarani. Rozina alifika na jiko lake la mkaa, sufuria na kinu. Aliweka jiko mbele ya tairi la mbele, si kando, mbele kabisa, akawasha moto. Kisha akapanda nyuma ya lori, akatoboa kiroba kwa kisu, akachota dagaa wakajaa kikombe, akashuka, akawatwanga, akawachanganya na unga wa mahindi. Hakumwomba mtu ruhusa.

Mashimba alimwambia asogeze jiko. Rozina akasema uji ukiiva atalisogeza. Mashimba akanigeukia mimi, niongee na wifi yangu, nikamwambia huyo ni wifi yangu, si ng'ombe wangu. Akatumwa mtu kumwita kaka Nestory. Nestory alikuja, akamtazama mke wake, akatazama lori, akamwambia Mashimba kwamba amekaa na mwanamke huyu miaka ishirini na hajafaulu bado kumsogeza. Akavuta kigogo akakaa.

Modesta ndiye aliyesema la maana, na alilisema kwa uchungu, sitamsingizia. Alisema mzigo ukienda pungufu shirika litakwenda kwa wengine, na watakaolala njaa ni watoto wa hapa hapa Kigongo. Alisema kule kambini hakuna kitu, na uji wenye mchanga kidogo ni afadhali ya sufuria tupu. Wanawake wengi waliitikia kwa vichwa. Na mimi nilimwona ana hoja, kwa kuwa mtu akitajiwa watoto wake hufikiri haraka haraka.

Rozina alikoroga mpaka uji ukachemka vizuri. Akamimina kwenye vikombe, akampa wa kwanza mama mwenyekiti kwa mikono miwili, kwa heshima zote.

"Shikamoo, mama," alisema, na siku hiyo ile "sh" aliitoa sawasawa. "Kunywa kwanza wewe. Ukiumaliza nitasogeza jiko, na sitasema neno tena."

Modesta akanywa. Watu wote tulikuwa tunamtazama. Alinywa funda moja, kisha taya lake likaanza kwenda, huku na huku, na tukasikia mchanga ukisagika.

"Uji hautafunwi, mama," Rozina akasema.

Modesta akageuza uso akatema. Akabaki na kikombe mkononi. Rozina akamimina kingine akampelekea Mashimba, ambaye alisema ameshakunywa chai nyumbani. Akatupitishia na sisi wengine, mmoja mmoja, akituuliza nani atamwita mwanawe aje anywe kabla ya shule. Watoto walikuwa tele, wamejaa barabarani kutazama mkasa. Hakuna mama aliyemwita wa kwake. Tereza, jirani yangu, alimvuta binti yake aliyekuwa anasogea akamficha nyuma ya kanga.

"Basi mmeshajibu," Rozina akasema. "Hakuna dagaa wa msaada. Kuna wa watu na kuna wa kuku. Atakayeondoa lori hili na mchanga ndani, anipitie juu."

Nilipanda mimi wa kwanza. Nilishika kiroba pembeni, Tereza akashika upande wa pili, tukakishusha. Kilipotua chini wengine wakaja, na Modesta mwenyewe akafunga kanga kiunoni, akasimama pale nyuma kuchagua viroba vya chanjani vibaki, vya mchanga vishuke. Mashimba alipiga makelele kuhusu mafuta ya gari na muda wake. Hakuna aliyemsikiliza, tulikuwa tunahema. Tulipomaliza, lori lilibaki na mzigo mdogo kiasi cha kutia aibu, ukicheza huku na huku sakafuni. Ndipo Rozina akasogeza jiko.

Shirika halikufurahi, nisiseme uongo. Modesta alipowapigia kueleza, walimwambia wataangalia kama wataendelea na sisi, na hadi ninapoandika haya bado wanaangalia. Wapo wanawake ambao hawamsalimii Rozina, wanaona amewavunjia riziki. Anawasalimia yeye, kwa sauti kubwa, mpaka waitikie. Nilipomuuliza kama oda ikipotea atajuta, alitaka nimjibu kwanza, angejuta nini hasa.

Mashimba hakukubali hasara. Vile viroba vya mchanga alivipeleka Kisesa kwa mfugaji mmoja wa kuku wa mayai. Tulidhani vimefika mwisho wa safari, tukavisahau. Kesho yake lori likarudi navyo vyote. Yule mfugaji alikuwa ametia mkono kirobani, akaacha dagaa wachuruzike kwenye kiganja, akauona mchanga uliobaki, akasema hawezi kuwapa kuku wake uchafu huo. Wapepetwe kwanza, ndipo atanunua.

Mashimba akatuomba kwa sauti ya chini tumsaidie, atatulipa. Tukaja na nyungo zetu, tukakaa duara ufukweni, tukaanza kupepeta. Rozina naye akaja na ungo wake. Mashimba alimuuliza kama amekuja kumcheka, akasema hapana, amekuja kufanya kazi. Alichota, akapepeta, mchanga ukamwagika ukamfunika vidole vya miguu.

"Kumbe kuku wana mwenyewe wa kuwaulizia," alisema.

Tuliinamisha vichwa, tukaendelea kuwatolea mchanga kuku wa Kisesa.