Salamu za Glovu

Kwetu Ngulyati, huko Bariadi, kumpita mtu bila salamu ni kumtukana, na mimi nilikuwa na sababu chache sana za kutukana watu. Kwa hiyo nilipopata nafasi ya kusoma biokemia ughaibuni, miaka ile soko la pamba lilipofunguliwa kwa wafanyabiashara binafsi na maghala ya ushirika yakaanza kubaki matupu, nilisafiri na salamu zangu zote.

Nilikuwa nachunguza RNA ya bakteria, uzi usioonekana kwa macho, wenye tabia ya kujikata wenyewe bila msaada wa kitu kingine. Ili kuthibitisha hilo nilitengeneza nyuzi mbili: mmoja mzima, na mwingine niliouharibu kidogo makusudi ili ushindwe kujikata. Wa kwanza ukikatika na wa pili ukabaki, jaribio limefaulu. Kwangu zilikatika zote mbili, miezi minne mfululizo! Profesa wangu akaanza kuzungumzia kunibadilishia mada, nami nikaanza kujiona narudi Bariadi mikono mitupu.

Asubuhi moja alisimama mlangoni akanitazama. Nilivaa glovu, nikazunguka maabara nzima kama kawaida yangu, nikawapa mkono watu wote watano, mmoja mmoja, ndipo nikaketi kwenye vichupa vyangu.

"Ngozi ya binadamu ina kimeng'enya kinachokula RNA," alisema. "Unakichota mikononi mwa kila mmoja, kisha unakileta kwenye kazi yako. Acha kuwashika mikono."

Nikaacha. Wiki hiyohiyo majibu yakatoka: uzi wa kwanza ulikatika, ule niliouharibu ukabaki, mstari mmoja safi kwenye picha ya jaribio. Nilitamani kupiga vigelegele. Nikageuka kutafuta wa kumwambia, ndipo nikagundua kwamba tangu niache, hakuna hata mmoja kati ya wale watano aliyeninyooshea mkono, wala aliyeuliza kulikoni. Kumbe muda wote ule nilikuwa nasalimia peke yangu. Niliumia sana, nisiseme uongo.

Nikaishi hivyo miaka miwili, mikono juu, viwiko vimebana mbavuni, sigusi mtu wala siguswi. Kazi ilinyooka. Mimi ndiye niliyekauka.

Nilirudi nyumbani msimu wa kuchuma pamba. Nilifika asubuhi, nikapitiliza hadi shambani, nikamwamkia mama kwa mbali, kwa Kisukuma, "Mwangaluka, mayu!" Mama akaitupa pamba aliyoishika, akanijia mbio, mkono wake umetangulia.

Mikono yangu ikapanda juu yenyewe. Wallahi sikuituma.

Mama akasimama. Akautazama mkono wake, ulivyochanwachanwa na vikonyo vya pamba, ulivyojaa vumbi. Akaufuta kwenye khanga, kiganja kisha mgongo wa mkono, taratibu, akaukagua tena. Halafu akaninyooshea upya, kwa haya, kama anavyomnyooshea mke wa mchungaji.

"Sasa ni safi," akasema.