Alikojificha Kaka

Mwaka wa Kombe la Dunia mwenye saluni yetu hapa Overport, huku ugenini kusini, alinunua televisheni kubwa, na mpira ulipoisha akawa anatuwekea filimu za zamani. Siku moja, nikiwa na mashine ya kunyolea mkononi, nikaona mtu mwenye koti anakimbia, polisi wawili nyuma yake. Mkono ukasimama. Kijana niliyekuwa namnyoa akacheka: "Eish, mzee, ile filimu iko ya zamani kuliko weye. Maliza kwanza kichwa yangu."

Ndugu yangu, ile filimu naijua. Haina rangi, ya pesa kidogo, hata majumba yamechorwa tu kwenye mbao. Tuliiona utotoni kwetu Uvira, ukumbi wa parokia, Jumapili mchana, madirisha yamezibwa kwa mablanketi. Benchi moja: mimi, kaka yangu mkubwa, na Balthazar, mtoto wa muuza chumvi. Ukumbi mzima ulinuka karanga za kuchoma. Katekista alisimama kando ya kitambaa cha kuonyeshea akitutafsiria, anashindana na kelele ya mashine ya filimu. Mkanda wa mwisho ulikuwa umepotea, basi mtoro akishaingia kwenye matete ya mto, kitambaa kinabaki cheupe, na katekista anamalizia kwa mdomo: "Polisi hawaingii majini. Wakarudi kwao kula." Tulipiga makofi mpaka viganja viwake.

Tukitumwa maji mtoni, tulicheza hiyo. Kaka mtoro, Balthazar polisi. Kaka alijificha kwenye matete yaleyale kila siku, na Balthazar alifika ukingoni akageuka. Ndiyo ilikuwa sheria.

Vita ilipofika tulikuwa watu wazima. Askari wakamtafuta kaka, naye akakimbilia alikojua. Mimi nililala katikati ya mihogo, mlimani, nikaona yote. Balthazar aliwatembeza mpaka ukingoni, akanyoosha kidole. Hawakuingia majini. Walipiga risasi kutoka nchi kavu.

Watu wanasema alilazimishwa. Hapana. Alitangulia mbele, anatembea kama mwenye shamba. Kisha akahamia nyumba ya kaka.

Pale saluni niliangalia mpaka mwisho. Polisi waliingia majini. Walilowa hadi kifuani, wakamtoa mtoro mzima, anakohoa, wakamfunga pingu.

Katekista amekufa, ukumbi hauna paa. Kaka alipojificha kwenye ule mchezo wetu alikuwa anabana kicheko kwa kiganja, mabega yanatetemeka, matete nayo yanatetemeka. Natamani kumwambia mtu akumbuke pamoja nami. Aliyebaki ni Balthazar.