Njema, Ila

Kwa miaka sita mimi na mume wangu tulimiliki wiki. Hatukumiliki nyumba, wala chumba, wala hata kitanda. Tulimiliki wiki moja ya mwezi wa nane, kila mwaka, katika ghorofa ya pili ya hoteli ya ufukweni, kwenye kisiwa kimoja cha joto ng'ambo ya Atlantiki. Wiki nyingine zote chumba kilikuwa cha watu wengine, na sisi tulikuwa Hounslow, chini ya ndege. Mume wangu alipakia mizigo uwanjani Heathrow. Mimi nilitunza wazee katika nyumba ya kulelea wazee kule Hayes. Wenzetu wa pwani ya Kenya waliokuwa London waliiita timesheya. Mume wangu aliiita "wiki yetu". Mama yangu, aliyekuwa Mombasa, aliiita nyumba. "Binti yangu ana nyumba ufukweni," aliwaambia majirani, na majirani, ambao wote waliishi hatua chache kutoka ufukweni na hawakuona ajabu yake, waliitikia kwa adabu.

Wiki yenyewe tuliipata kwa sababu ya mayai. Ilikuja barua kusema tumeshinda zawadi, na kwamba twende mke na mume kuichukua katika hoteli moja karibu na uwanja wa ndege, Jumapili asubuhi. Tulipofika tulikalishwa mezani na mwanamume mwenye tai ya manjano. Akatuletea mayai, mkate wa kuchoma, chai, na soseji ambazo tulizisukuma pembeni ya sahani. Alituuliza habari za mtoto, za kazi, za kwetu. Alitusikiliza. Tangu nifike London hakuna Mwingereza aliyekuwa amenisikiliza muda mrefu hivyo. Kisha akafungua kitabu cha picha za kisiwa, na saa tatu zikapita.

Nilikuwa nimeshamfinya mume wangu chini ya meza mara mbili. Lakini mume wangu ni mtu aliyelelewa. Ukishakula chakula cha mtu huondoki kama paka, ukajilamba na kwenda zako. Na mwenyeji akikuomba jambo usilolitaka, humwambii hapana usoni. Unamwambia inshallah. Kwetu kila mtu anaielewa inshallah ya namna ile, ya polepole, macho yakitazama kitambaa cha meza. Maana yake ni hapana, na aliyeomba huondoka na heshima yake. Basi yule bwana aliposukuma karatasi na kuuliza kama tuko tayari, mume wangu akainamisha kichwa, akasema taratibu kwa Kiingereza, "God willing, yes."

Yule bwana aliruka akampa mkono. Mtu akapiga kengele. Meza nyingine zikapiga makofi. Na mume wangu, akiwa ameshapigiwa makofi na ukumbi mzima, hakuweza tena kusema kwamba alikuwa amekataa. Akatia saini. Zawadi ilikuwa saa ya ukutani, na haikutembea hata siku moja.

Nilicheka, nikakasirika, kisha nikazoea. Sikujua hasa tumetia saini kitu gani mpaka nilipoanza kupanga likizo zangu. Kazini nilipewa wiki nne kwa mwaka. Moja ikawa ya kisiwa. Mbili zilikwenda katika likizo za shule, maana binti yetu hakuwa na mtu wa kubaki naye. Iliyobaki niliimega siku moja moja: homa ya mtoto, fundi wa boila, sikukuu ya Idi. Ndege za kampuni ya mume wangu, ambazo tulipanda kwa nauli ya wafanyakazi, hazikwenda kwetu. Zilikwenda kisiwani. Kwa hiyo kila mwaka nilimwambia mama, "Mwakani, inshallah," na kila mwaka alizidi kuzeeka bila mimi kumwona.

Siku nilipoondoka nyumbani kuja Uingereza mama hakulia. Alisimama mlangoni na leso yake begani, akaniambia vilevile alivyokuwa akiniambia aliponituma dukani kununua chumvi: "Haya, nenda. Usikawie."

Watu huniuliza kisiwa kilikuwaje. Kilikuwa kizuri. Ukifika unafungwa bangili ya plastiki mkononi, na kuanzia hapo unakula bila kuuliza. Chumba chetu kilikuwa na picha ya bahari juu ya kitanda, na ukigeuka, dirishani kulikuwa na bahari hiyohiyo. Vitanda vya plastiki vilipangwa ufukweni kwa safu, na kabla ya jua kuchomoza Waingereza walishaviwekea taulo. Mume wangu aliletewa dafu lenye mrija na kimwavuli cha karatasi, akanitazama, tukacheka mpaka machozi. Huo ulikuwa mwaka wa kwanza. Baadaye hatukucheka. Nilikaa kivulini na buibui langu nikitazama maji, nikijaribu kufurahi kwa bidii kama mtu anayejaribu kupiga chafya. Mimi nimezaliwa kando ya bahari. Kwetu bahari ni mahali watu wanapokwenda kazini.

"Huko bahari ina nini ambacho yetu haina?" mama aliwahi kuniuliza.

"Ina vitanda," nikamjibu. Alicheka sana, na nadhani hiyo ndiyo faida kubwa niliyoipata katika ile wiki.

Kila mwaka wenye hoteli walitualika tena kwenye staftahi, wakitaka tuongeze wiki ya pili. Mume wangu alikataa kwa njia moja tu aliyoiweza, akawa hali kabisa siku hiyo mpaka mchana. "Mama watoto, sili cha watu tena," alisema, akifunga mlango kwa ufunguo.

Mwaka wa sita, kiasi cha wiki tatu kabla ya safari, mdogo wangu aliyekuwa akiishi na mama alinipigia simu Hounslow. "Dada, mama hali chakula vizuri," alisema. "Kama unaweza kuja, njoo."

Nilikwenda kwa meneja wangu. Alisema ratiba imeshafungwa, ila wiki yangu ya mwezi wa nane ipo, niitumie nitakavyo. Kwa hiyo njia ilikuwepo. Ningeweza kumwambia mume wangu aende kisiwani na mtoto, au wiki ipotee, wala mbingu isingeanguka. Sikumwambia. Nilimpigia mama kwanza, nikamuuliza hali yake.

"Mimi sijambo," mama alisema. "Nendeni kwenye nyumba yenu. Mtoto apate jua."

Nikalichukua neno lile kama lilivyo. Hapo ndipo ninapojilaumu, kwa sababu mtu wa kwetu hachukui sijambo kama ilivyo. Salamu haijibiwi kwa ubaya. Hata nyumba ikiwaka moto, utaulizwa habari za hapa, utasema njema, kisha ndipo utasema, ila nyumba inaungua. Anayeuliza hali husubiri hiyo ila. Asiyeisubiri hakuuliza kitu. Na mimi London nilikuwa nimeshazoea watu wanaokuuliza hali huku wanatembea, ukisema nzuri wameshafika kwenye lifti. Tena, niseme ukweli, sijambo ya mama ilinifaa. Sikutaka kugombana na mtu yeyote.

Tukaenda kisiwani. Siku ya tatu asubuhi, ambayo kwa Mombasa ilikuwa jioni, nilinunua kadi ya simu mapokezi nikasimama kwenye kibanda kando ya tangi la samaki. Kadi zile zilikuwa na dakika zake, na dakika zilikwenda zote kwenye salamu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo."

"Habari za huko?"

"Njema."

"Mumeo?"

"Hajambo."

"Mtoto?"

"Hajambo. Anaogelea."

"Na bahari?"

"Ipo. Na wewe mama, hali yako?"

Nilimsikia akivuta pumzi. "Njema, alhamdulillahi," akasema. "Ila..."

Kadi ikaisha.

Nilikuwa na kadi ya pili kwenye mkoba. Hilo nataka lijulikane. Nilikuwa nayo, haijakwanguliwa. Lakini binti yangu alikuwa amesimama nyuma yangu na nywele zinachuruzika, akisema, "Mum, the boat's going," kwa sababu tulikuwa tumeandikishwa kwenye mashua yenye sakafu ya kioo, na mume wangu alikuwa gatini ananipungia mkono. Nikajiambia nitapiga nikirudi. Nikapanda mashua. Chini ya kioo walipita pono, wakubwa, na nikamwambia binti yangu jina lao, naye akarudia vibaya. Tuliporudi, kule Mombasa ilikuwa usiku, na nikasema nisimwamshe mgonjwa. Nilitamka neno hilo, mgonjwa, kimoyomoyo. Kwa hiyo nilijua.

Asubuhi ya pili yake nilikuta karatasi imesukumwa chini ya mlango: piga nyumbani. Nikaikwangua ile kadi. Mdogo wangu alipokea kabla simu haijalia mara mbili.

"Dada," alisema, "wanaume wamesharudi kutoka makaburini."

Mama alikuwa amefariki alfajiri ya kwao, nasi huku tukiwa kwenye chakula cha jioni, na wakamzika baada ya adhuhuri, kama inavyotakiwa. Hata kama ningekuwa na mabawa nisingewahi. Nilitazama tangi la samaki. Kulikuwa na mmoja aliyekuwa akigonga kioo kwa mdomo, tena na tena, na nilikuwa namhesabu.

"Jana simu ilikatika," nikasema. "Alitaka kuniambia nini?"

Mdogo wangu akasema, "Hakujua kama imekatika. Nilimwona ameshika simu, akayamalizia maneno yake. Alisema, ‘Ila usikawie.' Kisha akanirudishia."

Nikamwambia ahsante. Sijui kwa nini nilisema ahsante. Niliweka simu, nikapanda ngazi, nikamwambia mume wangu, na yeye akakaa sakafuni akalia kwa sauti, maana alimpenda sana mama. Mimi sikulia. Mwili wote ulikuwa umeingia ganzi, kama mguu uliokaliwa. Juu ya kitanda mwanamke wa usafi alikuwa ametuachia bata aliyekunjwa kwa taulo nyeupe, na ua mdomoni. Nilitaka kukaa, nikambeba yule bata kwa uangalifu, asikunjuke, nikamweka kwenye kiti.

Ndege za kurudi zilikuwa zimejaa, na nauli yetu ilikuwa ya kungoja nafasi. Tukabaki siku nne. Nilikula, kwa sababu bangili ilikuwa mkononi na chakula kilikuwepo. Nilikaa kwenye kitanda cha plastiki kwa mara ya kwanza, juani, na buibui langu, na jua sikulisikia. Mwanamke mmoja wa Kiingereza, ambaye wiki yake ilikuwa wiki yetu na tulikuwa tukionana kila mwaka, aliniuliza kama nimefurahi. Nikasema ndiyo, sana, na wewe? Mama yangu alikuwa na siku mbili ardhini. Sikuona haya, wala uchungu. Niliona tu kwamba mafuta yake ya jua yananuka nazi.

Hounslow walikuja akina mama wenzangu na sufuria za pilau, tukasoma hitma sebuleni. Waliniambia pole, mama alikuwa amekula chumvi nyingi, Mungu amempumzisha. Walinitazama wakisubiri nilie, nao walikuwa na haki. Mmoja aliniambia machozi yatakuja yenyewe nisiyalazimishe. Nikamshukuru, nikaosha sufuria zao zote.

Jumatatu nilirudi kazini. Kulikuwa na mzee mmoja niliyemlisha kila asubuhi kwa miaka miwili, zamani dereva wa basi, mtu wa maneno machache. Sikio lake moja halikusikia kabisa, na ukizungumza naye alikugeuzia lile zima akangoja mpaka umalize, hata kama umeshamaliza. Wafanyakazi wenzangu iliwachosha tabia hiyo. Walikuwa wameshaniuliza habari za likizo, nikasema nzuri, nao wameshapita na matandiko yao.

Nilikaa kando yake na bakuli la uji. Akaniona nilivyochomwa na jua usoni.

"Kwenu kisiwani kulikuwa kuzuri?" akauliza. Alikumbuka. Nilikuwa nimemwambia kabla ya kuondoka, na sikudhani amesikia.

"Kuzuri," nikasema.

Akanigeuzia sikio lake. Nilipeleka kijiko mdomoni mwake, hakufungua. Aliendelea kungoja, na uji ukaanza kufanya utando.

"But?" akasema.

Nikarudisha kijiko bakulini. Kiingereza chote kilinitoka kichwani.

"Ila nilikawia," nikamwambia, kwa Kiswahili, karibu na sikio lile, nikarudia, na mara ya pili sikuweza kulimaliza neno.