Pupe za Fidélie Hazikunji Tena Miguu

Siku nilifungua mufuko wa Fidélie nikaona pupe ya karatasi haikunji miguu, nilisema huyu mwanamuke ananicheka. Miye. Na muguu wangu.

Nitaeleza, lakini pole pole. Nimechoka, na hii habari yenyewe inachokesha.

Naitwa Orpha. Niko Nchelenge, kando ya ziwa, nauza chisense, wale samaki wadogo wa kukausha. Muguu wangu wa kuume ulivunjika siku tulikimbia Congo kwa mutumbwi, mwaka 2017, na haukurudi sawa. Natembea nikiuvuta. Watoto wa barabara wananiigiza. Nasema nimezoea. Uongo, sijazoea.

Fidélie nilimukuta kwenye kambi ya wakimbizi ya Kenani. Hatukuwa na kazi, tulikuwa na makarto tu, yale masanduku ya karatasi ya musaada. Tukaanza kukata watu: kichwa, mikono, mapaja, nyayo, kila kipande peke yake, halafu tunafunga viungo na uzi wa nyavu. Ukivuta uzi, mutu anacheza. Tukaziita pupe.

Yeye akarudi Kilwa ya Congo, ngambo ya ziwa. Tukapatana: unatengeneza pupe, unaituma, unapata ya mwenzako. Yako haibaki kwako. Blanchard, mufanya biashara wa samaki, njo alikuwa anabeba. Akivuka analala kwake Kashikishi, hapa karibu, asubuhi ananiletea. Na yangu inalala kwake vile vile mbele ya kuvuka.

Bwana wangu alikufa, ndugu wametawanyika. Fidélie peke yake njo alibaki mwenye kunijua tangu kambini. Zile pupe zilikuwa furaha yangu.

Halafu zikaanza kuwa mbaya.

Mikono inacheza kidogo, sura imepinda kama mutu anaumwa jino. Lakini miguu! Imebandikwa na gundi, kavu. Ya kwanza nikasema bon, alikuwa na haraka. Zingine zikakuja vile vile. Nikapiga simu.

"Fidélie, miye ni kilema, najua. Lakini haukupashwa kunicheka na karatasi."

"Orpha, unasema nini?"

"Unajua. Usinitumie tena. Tumemaliza."

Nikakata. Akapiga, sikukamata. Akapiga tena, nikazima telefone. Mutu akichoka sana, hata kungoja maelezo anaona ni kazi.

Musimu wa mvua ukapita wote. Nauza, nalala, naamka. Hakuna hata mumoja wa kuniuliza nimekula nini. Nilimukosa, wandugu. Nilimukosa mpaka nikamuchukia zaidi.

Siku moja Blanchard akasimama mbele ya meza yangu sokoni, kofia mukononi.

"Mama Orpha, mbona hamutume tena zile pupe? Bibi yangu anauliza."

"Bibi yako? Zinamuhusu nini?"

Akaangalia chini. "Kuya kwetu umuone, mama."

Bibi yake anaitwa Chouchou. Mugongo ulimulaza kitandani tangu alipozaa mutoto wao wa mwisho. Nikaingia mule chumbani.

Ukutani, pupe zangu, zile za mwisho nilizotuma. Na kando yao zingine nzuri, shingo ndefu, viungo laini. Kazi ya Fidélie. Ninajua mukono wake.

"Mama, sikuiba," Chouchou akasema mbio mbio. "Kila niliyokamata, niliacha yangu pahali pake. Si njo kubadilishana?"

"Na miguu?"

"Miguu ilinishinda. Niliangalia zenu, mikono nikaweza, miguu bado. Niliogopa kuwaomba muniingize, nyiye mafundi wakubwa."

Aka! Mafundi wakubwa! Nikakaa chini. Nilitafuta hasira, haikukuja. Aibu njo ilikuja.

Halafu akili ikanirudia. Kama alibadilisha pande zote mbili, basi Fidélie naye alikuwa anapata zile zile mbaya, akifikiri zimetoka kwangu. Na hata siku moja hakulalamika. Kila mara alinipigia kusema aksanti.

Nikapiga simu pale pale. Akakamata upesi, kama vile hakuna kitu kilipita. Nikamueleza yote.

"Na weye zilikufikia?" nikauliza.

"Zilinifikia."

"Haukuona ni mbaya?"

"Niliona, Orpha. Nikasema mikono ya Orpha inagonjwa na hataki nijue. Nikawa nazitundika kwangu, nakuombea kanisani."

Nikalia mbele ya bibi ya watu, bila haya.

Sisi wawili tulipata pupe za mutu mumoja. Miye niliona matusi. Yeye aliona nagonjwa.

Sasa tuko watatu, na Chouchou namufundisha miguu. Lakini nyiye munaosoma, kitu ya rafiki ikikuuma, muulize na ungoje ajibu. Kama hauna nguvu ya kuuliza, umufikirie mema, haiombi nguvu mingi. Miye nilifikiri mabaya musimu muzima, na mwenzangu wakati ule wote alikuwa anataja jina langu kwa Mungu.