Fundi wa Masanduku ya Mbwa

Tangu vita vianze, fundi seremala jirani yangu hapa Buyenzi anaishi kwa kutengeneza masanduku ya kusafirishia mbwa wa Wazungu wanaohama kwa ndege. Mbwa wenyewe hawagusi. Huwapima kwa kamba, mkono ameunyoosha mbali, na kila mara husema, "Shika mudomo yake, madamu, mi niko na udhu." Kila tundu la hewa la sanduku hulitia kidole, kisha hulipuliza.

Jana madamu mmoja alikuja na mbwa wake mkubwa kuchukua sanduku la kwenda naye Ubelgiji. Bunduki zilikuwa zinalia upande wa Mutakura.

"Huyu naye aliomba viza?" fundi akauliza.

"Apana. Yeye wanamuomba karatasi ya chanjo tu."

Fundi alivua kandambili, akaingia sandukuni kwa magoti, akavuta mlango. "Nafasi iko," akasema humo ndani. Madamu alicheka, kisha akaacha kucheka. Adhuhuri ikaadhiniwa, nikamwita twende msikitini. Kidole chake kilikuwa kimetokeza kwenye tundu la hewa, mbwa anakilamba, naye hakirudishi ndani.