Makochi ya Jirani Chini ya Paa la Bibi

Nyumba ya bibi yangu ilikuwa ya kitajiri ukiitazama kutoka barabarani, na ya kimaskini ukienda chooni. Upande wa mbele wa paa ulikuwa wa bati, upande wa nyuma wa nyasi. Bati lile alilinunua kidogo kidogo kwa ruzuku ya kaya maskini, na ni yeye mwenyewe aliyeamua kuanzia mbele. Fundi alipomshauri asubiri mpaka apate bati la kutosha aezeke nyumba nzima kwa pamoja, bibi alimuuliza: kati ya watu wanaopita barabarani na wanaokwenda chooni kwetu, wengi ni wepi? Fundi akapanda juu akaezeka.

Upande wa nyuma ulivuja. Huku kwetu Ibaba mvua haipigi hodi, na ikishaingia haina haraka ya kuondoka. Chumba cha nyuma tulikuwa tumekiachia mabeseni na masufuria, sisi tukabanana chumba cha mbele. Bibi alikuwa na ndoto moja tu iliyobaki hapa duniani, nayo ni kumalizia upande ule kabla hajafa. Alisema hataki maiti yake ilowe.

Mimi nilikuwa nimerudi kutoka Tunduma, ambako biashara yangu ya vitenge ilikuwa imekata roho. Nilirudi na begi moja na mdomo wangu. Bibi alinipokea kwa utani wake wa siku zote: "Karibu, mke mwenzangu. Mume wetu alishakufa, kwa hiyo hatuna cha kugombania."

Ndipo likaja tangazo kwamba kaya zote zilizo kwenye mpango zitahakikiwa upya. Mwenyekiti wa kitongoji alipita nyumba kwa nyumba, na alipofika kwetu hakutaka hata kukaa.

"Mama, watakuja wageni kutoka wilayani. Watakuuliza maswali, wewe jibu ukweli tu."

Bibi alisikia neno "wageni" na hakusikia kingine.

"Wanakula nyama?"

"Mama, wanakuja kukagua umaskini."

"Hata kama. Wakague wameshiba."

Ili umwelewe bibi yangu, lazima ujue serikali aliyoizoea yeye. Alipokuwa msichana, serikali ilikuja kuchukua. Ilikuwa kodi ya kichwa, na wanaume wa kitongoji kizima walikuwa wakiviingiza vichwa vyao migombani hadi mkusanyaji apite. Baadaye ikaja kodi ya maendeleo, jina jipya, mbio zile zile. Babu yangu alikuwa hana kitu, na kila mtu alijua hana kitu, kwa hiyo uwanja wetu ndio uliokuwa mahali salama kuliko pote. Baba wa jirani yetu wa chini ya njia, aliyekuwa na mifugo, alikuwa akiswaga mbuzi wake mpaka kwetu kila mkusanyaji aliposikika ng'ambo ya mto. Hakuna aliyewahi kuja kutafuta mali kwa babu. Na babu hakuwahi kumtaja mwenye mbuzi, hata alipotishiwa kufungwa. Kitu ulichowekewa hakitajwi mwenyewe. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria, na bibi aliishika kuliko amri za kanisani.

Kisha kodi ile ikafutwa, na baada ya miaka serikali ikaja tena, safari hii inauliza maskini ni nani ili impe hela. Bibi hakuamini. Siku ya kwanza walipokuja kumwandikisha, alificha kuku.

Basi, asubuhi ya ugeni wenyewe, ukungu haujainuka, nikasikia pikapu inanguruma uani. Jirani wa chini ya njia, mtoto wa yule wa mbuzi, alikuwa ameshuka. Huyu bwana ana duka la jumla Tunduma, karibu na mpaka, na amewauzia Wazambia sabuni kwa muda mrefu kiasi kwamba anaamkia hata mbuzi kwa Kibemba. Nyuma ya pikapu kulikuwa na seti nzima ya makochi mekundu na runinga pana kama mlango.

"Mulishani, mama! Naomba uniwekee hivi siku mbili tatu. Na kwangu wanapita leo."

"Wewe nawe ni kaya maskini?" nikamuuliza.

"Dada, serikali ikigawa, usipochukua ni dharau."

Bibi aliyazunguka yale makochi akiyabonyeza kwa kidole. "Baba yako alileta mbuzi," akasema, "wewe unaleta viti. Angalau viti havinyi. Ingiza."

Nilimvuta pembeni. "Bibi, leo ndiyo siku tunayokaguliwa!"

"Ndiyo maana nashukuru. Wangekaa wapi?"

Nilipandisha hasira mpaka nikaenda kukata kuni ambazo hatukuzihitaji. Niliporudi, kuku wetu wa mwisho, yule mtetea aliyekuwa anatutagia, alikuwa sufuriani na nyumba nzima inanukia tangawizi.

Mgeni alikuwa dada mmoja wa makamo yangu, mwenye miwani, na kishikwambi chake kwenye mfuko wa plastiki kwa ajili ya mvua. Alikaa kwenye kochi, akazama, akabaki anatutazama kutoka chini. Mwenyekiti, aliyeongozana naye, aliyaona makochi, akanitazama, nami nikatazama dari ambayo hatuna.

"Bibi, kwa siku mnakula milo mingapi?"

Bibi alimtazama kama ameulizwa rangi ya chupi yake. "Mwanangu, kwani umeona njaa hapa? Mke mwenza, mwongeze mchuzi."

"Kuna siku mnalala bila kula?"

"Ee, kunywa chai kwanza, inapoa."

"Hii runinga ni ya nani?"

"Si hiyo hapo," bibi akasema.

Nilifungua mdomo. Bibi akanikanyaga mguu, na bibi yangu, japo mwembamba, kisigino chake kimelima mashamba ya mlimani maisha yake yote. Nikafunga mdomo. Yule dada akaomba kuona vyumba. Bibi akasimama kwenye mlango wa chumba cha nyuma, mikono kiunoni, akauliza mtoto wa watu anatafuta nini chumbani kwa mwanamke mzima. Dada akaona aibu, akarudi kuzama kwenye kochi, akamalizia paja la kuku.

"Mgeni njoo, mwenyeji apone," bibi akasema akimsindikiza, amefurahi kweli kweli. Mimi nilihesabu tumeshakufa.

Kwa jirani mambo yalikwenda vizuri ajabu. Tulisimuliwa baadaye kwamba walimkuta amekalia kigoda, suruali imechanika gotini, anakula viazi vya jana bila chumvi na kukohoa kwa mpangilio. Mkewe, mwenye jino la dhahabu ya machimbo ya Saza, hakufungua mdomo tangu mwanzo hadi mwisho, akasifiwa kwa unyenyekevu.

Wageni walipoondoka, bibi aliniamuru nisogeze makochi chumba cha nyuma. Kukalia kitu ulichowekewa, alisema, ni sawa na kuvaa nguo ya mtu. Nikamwambia kule kunavuja. Akaniambia niweke mabeseni juu yake. Nikaweka.

Mkutano wa kijiji uliitishwa baada ya siku chache, uwanjani mbele ya ofisi ya mtendaji. Jirani alijua vitu vyake viko chumba cha nyuma, lakini alikuwa hajavichukua. Aliogopa kuonekana navyo kabla majina hayajasomwa. Alikaa mbele, na suruali yake ile ile ya mateso. Yule dada wa miwani akasoma walioingia, na jirani alikuwemo. Watu walinong'ona, lakini huku kwetu humsemi mtu mbele za watu; unasubiri ukafike nyumbani umseme vizuri. Kisha akasoma wale aliowaita wahitimu, ambao hali zao zimekuwa nzuri na wanautoka mpango kwa heshima. Jina la bibi likawa la kwanza.

Akina mama wakapiga vigelegele. Bibi, ambaye hajawahi kukanyaga darasa, aliinuka akapokea pongezi pande zote, akapeana mikono hata na watu aliogombana nao. Alikaa chini huku uso unang'aa.

"Kuhitimu ndiyo nini?" akaninong'oneza.

"Maana yake hupati tena ile hela."

"Na bati?"

"Na bati, bibi."

Alilishika pindo la kanga yake akaanza kulikunja, akalikunjua, akalikunja tena. Niliumia. Mwenyekiti akauliza kama kuna mwenye pingamizi, akitutazama sisi, na nikamsukuma bibi kwa bega. Alichotakiwa kusema kilikuwa maneno matatu tu: mimi ni maskini.

Bibi akasimama, akajifunga kanga vizuri. "Mimi sina neno," akasema. "Wageni wangu walikuja salama, wakala, wakarudi salama. Ndaga, asanteni." Akakaa.

Nilitaka kulia na kumfinya kwa wakati mmoja. Nikainuka niseme mimi, nikavutwa sketi mpaka nikakaa kwa kishindo. "Cha mtu ni cha mtu," bibi akasema kwa meno yaliyofungwa. "Babu yako hakumtaja, na wewe hutamtaja."

Ndipo wingu likashuka mlimani. Sisi tumelizoea, hakuna aliyeshtuka, isipokuwa jirani. Aliangalia juu. Akaangalia upande wa kwetu. Akanyoosha mkono.

"Mwenyekiti, tufunge mkutano."

"Bado kuna suala la mbolea."

Matone yakaanza. Watu wakajisogeza chini ya upenu wa ofisi na mbolea ikaendelea. Jirani alikuwa anakanyaga hapa na pale kama aliyebanwa haja. Radi ilipopiga na mvua ikamwagika yote, uvumilivu ukamwishia.

"Ndugu zangu!" akapaza sauti. "Huyu mama mnamwonea! Nyumba yake inavuja! Upande wa nyuma wote unavuja kama chujio! Hana kitu huyu mama, hana kitu kabisa!"

Sijawahi kusikia mtu akitetewa kwa uchungu kiasi kile. Yule dada akafuta miwani. "Mbona hukusema wakati ule tunauliza?"

"Makochi yangu yanalowa!"

Akatoka mbio kwenye mvua, suruali ya mateso inapepea. Kijiji kizima kikamfuata, pamoja na mwenyekiti, pamoja na dada wa wilayani ameficha kishikwambi ndani ya koti. Hakuna aliyebaki na mbolea.

Nilipofika, watu walikuwa wamejaa chumba cha nyuma mpaka mlangoni. Makochi mekundu yalikuwa yamejipanga ukutani, kila moja limepakata beseni lake, yamelowa chapachapa. Runinga ilikuwa na sufuria kichwani. Mke wa jirani akapiga yowe na jino la dhahabu likaonekana na kila mtu. Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Watu walicheka, dada wa miwani alicheka, mtu mmoja akauliza kama na makochi nayo yamehitimu.

Kisha nikaona kwamba walikuwa wameacha kutazama makochi. Walikuwa wanatazama juu, kwenye nyasi zilizooza na matundu unayoonea mbingu, na kitanda cha kamba kilichobaki pembeni, na debe la unga lisilo na unga. Bibi alifika wa mwisho. Alisimama nje ya mlango wake mwenyewe, analowa, kama mtu anayesubiri kukaribishwa.

"Basi," akasema, "sasa wote wameona."

Kicheko changu kikakatika.

Nisikuache na wasiwasi: jirani aliondolewa, bibi akarudishwa, na leo nyumba ina bati pande zote mbili. Mvua ikinyesha, kelele ni nyingi mpaka bibi analalamika hawasikii wageni. Jirani bado anamwamkia mulishani, na bibi bado anamwitikia. Lakini ili arudishwe, ilibidi ahojiwe upya, na mwenyekiti alituma ujumbe mapema: tafadhali, safari hii mama asipike chochote.

Bibi alitii. Yule dada alipokuja alipewa kigoda, na bibi akakaa juu ya mkeka mbele yake, mikono imelala mapajani. Sikuwahi kuiona mikono ile imelala mchana.

"Kwa siku mnakula milo mingapi?"

"Mmoja."

"Kuna siku mnalala bila kula?"

"Zipo."

Alijibu yote, kwa sauti ndogo, bila utani hata mmoja, na kila jibu lilimtoka kama jino. Miaka yote niliyoishi naye, kwenye njaa na kwenye matope, siku ile ndiyo niliyomwona maskini. Nilitamani anikanyage mguu.

Dada akamaliza, akashukuru, akainuka. Alikuwa ameshafika mlangoni bibi aliposhindwa. Aliondoka mkekani upesi kuliko umri wake, akaingia jikoni, akarudi na ndizi mbivu mbili juu ya sahani, akamnyooshea kwa mikono miwili.

"Hizi," akamwambia, "usiziandike."

Yule dada alimtazama. Akazima kishikwambi, akakirudisha kwenye mfuko wake wa plastiki, akakaa tena chini, akala.